Kazi za Nyumba: Moteri haipo, na kelele iko



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumza juu ya kuanika sambaza nyumbani bila kusumbuliwa na nzi. Sambaza zitangojea kidogo. Kumetokea jambo katikati yetu, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo afazali niliandike mbele ya wengine kuliandika kwa midomo.

Dada yetu mmoja wa chama (ameniruhusu kueleza, lakini jina lake tuliache) alikuwa akifua nguo za watu kwa mikono tangu alipofiwa na mume wake. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulikataa. Kila akimaliza beseni moja ilikuwa sherti akae chini. Zamu yake ya likelemba ilipofika, wengi tulitazamia anunue vitenge auze. Yeye alinunua mashini ya kufua, ile yenye mlango wa duara mbele, iliyokwisha kutumika Ulaya. Dola 220, pamoja na vijana wa kuibeba toka barabarani mpaka nyumbani, na nyinyi mnajua ngazi za kartie zetu. Tangu siku ile anafulia wanafunzi na mama wawili wenye vyumba vya wageni, na feza hiyo ndiyo inalipa minervali ya watoto wake wawili. Mashini ile ni shamba lake.

Mwezi uliopita mashini ilianza kelele. Mwanzo ilikuwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Baada ya siku chache, wakati wa kukamua, ikawa kama lori linalopanda mulima na vitesi ya kwanza. Akaniuliza kama najua fundi. Nikampa jina la kijana mmoja ambaye alinitengenezea pasi mwaka jana. Kijana akaja, akaitazama mashini dakika tano, akasema: “Mama, moteri imeungua. Nipe dola 130, nitaileta mpya.” Dada yetu akampa 60 za kuanzia. Kijana akafungua mashini nyuma, akatoa moteri, akaitia ndani ya mufuko na kuipeleka “kwenye atelie”. Mpaka leo. Simu yake inasema haipatikani.

Mimi ndiye niliyempa jina lake. Siku tatu sikulala vizuri.

Kisha tulimtafuta papa mmoja mzee anayetengeneza moteri za mulino wa unga. Aliingia, akaomba maji ya kunywa, akafungua mlango wa mashini na kuzungusha pipa la ndani kwa mkono, polepole. Krrr, krrr, krrr. Akamtazama dada yetu na kusema: “Mama, sikiliza vizuri. Moteri haipo, na kelele iko.”

Wamama, maneno yale yalitufanya tunyamaze wote. Kama moteri imetolewa na kelele imebaki, basi kelele haikuwa ya moteri. Ilitolewa piesi nzima ili kuponya ugonjwa wa piesi ingine. Na kipimo kile, cha kuzungusha pipa kwa mkono, ni kitu ambacho kila mmoja wetu angeweza kufanya bila fundi, bila bisibisi, mashini ikiwa imetolewa kwenye prizi. Ndiyo sababu leo naandika.

Tuanze na namna mashini hii ilivyo. Ndani yake kuna mapipa mawili. La nje halizunguki, ndilo linashika maji. La ndani lina matundu, ndilo linazunguka na nguo. Pipa la ndani lina mti wa chuma nyuma yake, na mti huo unapita katikati ya rulema mbili, zile duara za chuma zenye vidonge vidogo ndani yake. Mbele ya rulema kuna mpira wa duara unaozuia maji yasizifikie. Nyuma kabisa kuna gurudumu kubwa, na mkanda unaolivuta toka kwenye moteri iliyo chini.

Mpira ule ukizeeka, maji ya sabuni yanapita taratibu, yanafikia rulema, zinashika kutu, zinaanza kukoroma. Ukitazama nyuma ya mashini utaona alama ya maji ya kahawia inayoteremka. Hapo ni kuacha kufua mara moja. Wengi wetu tunasema: “Bado inafua, acha imalize mwezi.” Lakini rulema zilizokufa zinakula mti wa chuma wenyewe, na siku mti umelika, piesi ya dola chache imegeuka kuwa mashini ya kutupa. Dada yetu alifua siku kumi na moja na kelele ile. Alibahatika, mti ulikuwa bado muzima.

Kuna jambo ambalo papa fundi alitueleza na ambalo nililiandika kwenye kitabu cha chama, kwa sababu ni zuri kuliko yote. Kila rulema ina namba iliyochongwa pembeni mwake. Zile za dada yetu zilikuwa 6204 na 6205. Namba hizo si za mashini ya kufua. Ni za dunia nzima. Rulema 6205 ni ile ile, iwe imetoka ndani ya mashini ya kufua ya Ujerumani, moteri ya mulino au pompi ya maji. Hata vipimo viko ndani ya namba: kuanzia 04, chukua namba mbili za mwisho, uzidishe mara 5, utapata upana wa tundu la katikati kwa milimetri. 04 mara 5 ni 20. 05 mara 5 ni 25. 06 mara 5 ni 30. Watoto wenu wa darasa la tatu wanaweza kuwasaidia hapo.

Maana yake ni hii: hatukuwa na lazima ya kutafuta duka la “piesi za mashini ya kufua”, ambalo katika muji wetu ni shida kulipata. Tulikwenda soko la Kadutu, kwa wale wanaouza piesi za mulino na za moto, tukaonyesha rulema za zamani. Muuzaji hakuuliza hata ni za kazi gani. Akatoa mbili, dola 9. Papa fundi alikuwa ametuagiza tuangalie jambo moja tu: nyuma ya namba iandikwe 2RS au ZZ, maana yake imefunikwa pande zote mbili. Ile iliyo wazi vidonge vikionekana, kwa mashini ya kufua haifai. Na uizungushe kwa kidole mbele ya kulipa. Mpya inateleza kimya.

Mpira wa kuzuia maji ndio ulitusumbua. Nao una namba, lakini ni vipimo vitatu: tundu la katikati, upana wa nje na unene, kwa milimetri. Tulizunguka nusu siku. Tulipata mmoja unaolingana, dola 7, kwa muuza piesi za magari. Wengine watakuambia, “Chukua huu, umezidi kidogo tu.” Usichukue. Umezidi kidogo tu, na baada ya miezi miwili utarudi kununua tena rulema.

Niseme pia kwamba mashini zingine za siku hizi zina pipa la nje lililounganishwa kwa moto kiwandani, halifunguki. Kwa hizo, kubadilisha rulema ni kulikata pipa kwa musumeno na kulifunga tena kwa vis na silikoni. Mafundi wenye mikono mizuri wanafanya, nami nimeona moja inayofua bila kuvuja. Lakini muulize fundi mbele ya kuanza: “Pipa hili linafunguka au linakatwa?” Asiyejua kujibu hajawahi kufanya.

Sasa moteri. Hiyo ilikuwa imekwenda, na hatukuwa na namba yake, kwa sababu hakuna aliyeipiga picha mbele haijaingia mufukoni. Kilichotuokoa ni kibao cha mashini yenyewe. Kila mashini ina kibao kidogo, au karatasi iliyogandishwa. Kwa nyingi zenye mlango mbele, ukifungua mlango utakiona pembeni, mahali ambapo mlango unafunika. Zingine wanakitia nyuma, zingine ndani ya kile kimlango kidogo cha chini. Jina kubwa lililo mbele halimsaidii muuza piesi, maana jina moja linafunika mashini za aina nyingi sana. Anachotaka ni namba. Kwa Electrolux, Zanussi na AEG, tafuta herufi PNC na namba tisa zinazofuata. Kwa Bosch na Siemens tafuta E-Nr. Kwa LG na Samsung ni ule mfululizo wa herufi na namba unaofuata neno “Model”. Piga picha, picha isiyotetemeka, na uitume kwenye WhatsApp yako mwenyewe ili ibaki hata simu ikipotea.

Na angalieni nilivyopanga majina yale. Zanussi, AEG na Electrolux ni nyumba moja. Bosch na Siemens vilevile. Indesit, Hotpoint na Whirlpool nazo ziliunganishwa chini ya Whirlpool mwaka 2014. Kwa hiyo piesi ya mashini yako inaweza kulala ndani ya mashini iliyokufa yenye jina lingine kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yetu. Shemeji yake anafanya biashara Kigali. Tulimtumia picha ya kibao, akakipeleka kwa fundi anayenunua mashini zilizokufa ili auze viungo vyake. Yule fundi alitazama namba, akatoa moteri toka kwenye mashini yenye jina lingine, dola 45. Ikavuka Ruzizi ndani ya mufuko wa mama anayeleta mboga. Ilipofika, matundu ya vis yalilingana, na fishi ya nyaya iliingia bila kulazimishwa.

Tuhesabu pamoja. Rulema 9, mpira 7, kazi ya papa fundi 25: jumla 41. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya ugonjwa wenyewe. Ongeza 60 zilizokwenda na kijana, na 45 za moteri ambayo haikuwa na kosa: 146. Dola 105 zimepotea kwa sababu hakuna aliyezungusha pipa kwa mkono, na mimi ni wa kwanza katika hao.

Toka pale tulikaa na papa fundi mchana mzima, nasi tukimuuliza magonjwa mengine, kwa sababu wengi kati yenu mmeniambia mna mashini iliyosimama kwenye kona na kuwekewa kitambaa na maua ya plastiki juu yake.

Ugonjwa wa kwanza kwa wingi, alisema, ni mashini inayofua vizuri lakini haitoi maji. Watu wanakimbilia kununua pompi. Mbele ya hiyo, chini kabisa upande wa mbele kuna kimlango kidogo, na nyuma yake kifuniko cha kuzungusha. Hilo ndilo chujio. Toa mashini kwenye prizi, weka beseni pana na vitambaa, ngojea maji yapoe kama ulifua na maji ya moto, kisha ufungue polepole, kwa sababu maji yote yaliyobaki yatatoka hapo. Ndani utakuta chuma cha sidiria, vifungo, pini za nywele, soksi ya mtoto mchanga. Sarafu hatuna katika Kongo yetu, isipokuwa zile za Rwanda ambazo mama wa biashara ya mpakani wanarudi nazo mufukoni. Katika chujio la dada yetu zilitoka nne. Ukiisha kulisafisha, tia kidole kwa uangalifu uone kama lile gurudumu dogo la pompi linazunguka. Likizunguka kwa kurukaruka kidogo, ni kawaida yake. Ikiwa pompi imekufa kweli, usikate tamaa: pompi nyingi za mashini za Ulaya zinatoka kwa kiwanda kimoja cha Italia kinachoitwa Askoll, hata kama majina ya mbele ni tofauti, na mara nyingi inabadilishwa ile nusu ya moteri tu. Hesabu vis zake, tazama kama ni tatu, au kama inafungwa kwa kuzungushwa, na upeleke ya zamani ukiishika mkononi.

Wa pili: mashini inanguruma lakini pipa halizunguki, au linazunguka leo na kesho linakataa. Tazama mkanda kwanza. Kama umeanguka au umekatika, juu yake kuna maandishi, kwa mfano 1270 J5. 1270 ni urefu kwa milimetri, J ni aina ya mifereji yake, 5 ni hesabu ya mifereji. Ukiona pia herufi EL, ni mkanda unaovutika kama elastiki, na hapo usikubali ule wa kawaida, kwa sababu mashini yako haina chombo cha kuukaza. Kama mkanda ni muzima, fundi atazame makaa ya moteri, vile vipande viwili vyeusi vinavyogusa sehemu inayozunguka. Vinalika kama penseli. Vinabadilishwa vyote viwili pamoja. Wasipopata vya namna ileile, mafundi wetu wananunua vikubwa zaidi, vya mashini ya kukatia vyuma, na kuvipunguza kwa tupa mpaka viingie. Nimeuliza papa fundi kama ni halali. Akacheka: “Mama, makaa ni makaa. Yasiwe tu yanakwama.”

Wa tatu ni wa maji, na ni wa kwetu sisi tunaokaa juu ya milima. Mashini inaanza, inangojea maji, inachoka, inasimama. Nyuma, pale ambapo mupira wa maji unaingia, kuna chujio dogo sana kama ukucha. Baada ya mvua, maji yakija na udongo, linajaa. Lichomoe kwa koleo, lisafishe kwa mswaki wa zamani. Likiwa safi na maji bado hayaingii, ni nguvu ya maji. Mashini nyingi zinaomba nguvu inayotolewa na tanki lililo metri tano hivi juu ya mashini. Pipa lililo juu ya paa la nyumba ya kawaida halifiki hapo. Mama wengi wanamwaga maji kwa ndoo kupitia kisanduku cha sabuni, na mashini za zamani zinakubali vizuri: zikisikia maji yamefika kipimo, zinaanza kazi. Mashini yenye karti ya elektroniki mara ingine inakasirika na kuonyesha namba za kosa. Muwe na bido tatu za litri 20 karibu mbele ya kuanza, isije ikasimama na povu ndani.

Na povu, basi! Sabuni ya unga tunayonunua kwa mufuko mdogo imetengenezwa kwa kufulia mikononi. Inatoa povu nyingi, na mashini ya mlango wa mbele haipendi povu: pompi inameza hewa, na maji hayatoki. Tia kidogo kuliko unavyofikiri. Vijiko viwili vya mezani vinatosha kwa nguo zisizo na matope. Nguo za matope ziloweke na kuzisuuza kwanza nje. Ukimaliza kufua, panguza ule mpira mkubwa wa mlangoni, uinue mikunjo yake, uache mlango wazi kidogo ili harufu mbaya isikae. Kama una mtoto mdogo nyumbani, usiuache wazi sana mashini ikiwa bila mtu: watoto wanaingia ndani kujificha. Ukitaka kuondoa chokaa na utelezi, tumia siki au maji ya ndimu nyingi bila nguo. Ukitumia javeli, iwe siku ingine kabisa. Javeli na siki zikikutana zinatoa gazi inayochoma mapafu, na chumba cha kufulia mara nyingi hakina dirisha.

Wenye zile mashini za midomo miwili, upande mmoja wa kufua na mwingine wa kukamua, msidhani nimewasahau. Kwa maisha yetu ndizo zinafaa zaidi: hazijali nguvu ya maji, hazina karti, na mutu anaweza kuzielewa. Upande wa kukamua ukinguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kondansateri, kile kisanduku kidogo chenye waya. Juu yake pameandikwa µF na V. Nunua yenye µF ileile, na V isipungue ile ya zamani. Lakini hiyo mwachie fundi kuitoa: inatunza umeme ndani yake hata mashini ikiwa imetolewa kwenye prizi, na inapiga.

Juu ya umeme nitasema kwa nguvu. Umeme ukikatika, toa fishi ya mashini kwenye prizi, usingojee urudi. Unaporudi, mara nyingi unakuja kwa kishindo, na ndio unaoua karti. Umeme ukiwa dhaifu, taa zikiwa za manjano, usifue: moteri inajikaza, inapata moto, inaungua kweli. Stabilizateri ni nzuri, lakini soma nguvu yake. Ile ya VA 1000 haiwezi kubeba mashini inayochemsha maji, maana rezistansi peke yake inakula wati 2000 hivi. Fua na maji baridi, rezistansi isiwake.

Na mashini ikikupiga kidogo unapoigusa, ile ya kusisimua vidole, usiseme “nimezoea”. Nimesikia mama wakilisema hilo wakicheka. Waya wa kijani na manjano ulio ndani ya fishi unapaswa kufika ardhini, na katika nyumba zetu nyingi prizi ina tundu lake lakini nyuma ya ukuta waya haupo. Basi umeme unaovuja unabaki juu ya bati la mashini, ukingojea mutu. Sisi tunafua tukiwa miguu mitupu, juu ya simenti yenye maji. Mwite fundi wa umeme apige chuma ardhini na kuunganisha waya huo, na kama feza inaruhusu, aweke disjonkteri diferansieli ya milianperi 30, ile inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Akikuambia ataunganisha waya wa ardhi kwenye bomba la maji, mwambie hapana, jirani zako wanaoga kwenye bomba hilo. Kama huna feza ya kazi hiyo mwezi huu, mashini ingojee.

Mama mmoja aliuliza aangalie nini akitaka kununua iliyotumika. Soma kibao: iandikwe 220-240 V na 50 Hz. Ile ya 110 V, hata kama ni nzuri namna gani, iache. Tia mikono ndani, inua pipa juu na chini: likicheza ndani ya lile la nje, rulema zimekwisha. Lizungushe, usikilize. Tazama nyuma kama kuna kahawia. Uulize pia kama zile vis ndefu za nyuma za kushika pipa wakati wa safari zilikuwamo. Mashini iliyotoka bandarini mpaka Bukavu juu ya lori bila vis hizo imepigwa na kila shimo la barabara, na unajua hesabu ya mashimo.

Kwa upande wa mafundi, chama kimekubaliana jambo moja Jumamosi iliyopita. Piesi haitoki nyumbani kwa mama yeyote wetu mbele haijapigwa picha namba yake, na fundi mwenyewe akiwa ndani ya picha. Feza ya piesi, mama anakwenda nayo sokoni pamoja na fundi, au anatuma mutu. Piesi ya zamani inabaki kwa mama. Fundi mwema hakatai. Papa wa mulino alisema ni heshima kwake, kwa sababu na yeye amewahi kusingiziwa.

Yule kijana tumemtafuta kwao mara mbili. Mama yake mzazi alitupokea vizuri, akatupa viti, akalia. Alisema mwanawe amekwenda kwenye machimbo. Hatukumdai kitu, nasi tukarudi.

Mashini ya dada yetu imefua toka Jumanne. Nilipita kuisikiliza. Wakati wa kukamua unasikia upepo tu. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa ya mwezi ujao, nimemwachia. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, akasema nitafuliwa mashuka bure mpaka Pasaka. Tutaona.

Jumamosi baada ya mkutano papa fundi atapita kwetu. Anayetaka, alete picha ya kibao cha mashini yake, na kama amekwisha kutoa rulema au mkanda, alete piesi yenyewe, ioshwe kwanza. Sambaza ni juma lijalo, na safari hii kweli.